Shetani Hakumpitia, Alikaa Naye Sebuleni

Macho yangu mekundu kidogo. Siyo ulabu, jamani, msinisingizie. Nimekesha siku nne naangalia tamthilia ya zamani inayoitwa Twin Peaks, na leo nataka tuiongelee, maana kuna jambo ndani yake limenikaa kooni tangu nikiwa kijana.

Kwanza onyo. Kama hujaiona na unapenda kushangaa mwenyewe, kunja gazeti, kaiangalie, halafu rudi. Namtaja muuaji humu humu, tena bila kunong'ona. Usije ukasema sikukuambia.

Kwa wasioijua: ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Aprili 1990. Waliyoitunga ni wawili, David Lynch, aliyefariki Januari 2025, na mwenzake Mark Frost. Mji wenyewe ni wa kubuni, uko jimbo la Washington karibu na mpaka wa Kanada, mji wa magogo, kiwanda cha mbao na ukungu. Asubuhi moja mzee mmoja anakwenda kuvua samaki, anakuta maiti ya binti imefungwa ndani ya nailoni. Ni Laura Palmer, miaka 17, malkia wa shule, kipenzi cha kila mtu. Mpelelezi wa FBI, Dale Cooper, anatumwa kumsaka muuaji. Huyo ndiye steringi wetu. Anapenda kahawa nyeusi na pai, na kesi anazipeleleza kwa kutumia ndoto. Ndiyo, ndoto. Sijakosea kuandika.

Sisi huku Bara televisheni tulianza kuiona 1994, kwa hiyo muziki huo ulitupita. Mimi niliikuta baadaye, nadhani 1998, binamu yangu aliporudi kutoka Uingereza na begi la kanda. Deki ilikuwa kwetu Sinza, kwa hiyo watoto wa mtaa mzima walikuwa kwetu. Kiingereza tulikuwa tunabahatisha, binamu anatafsiri, sisi tunabishana. Kila mtu alikuwa na muuaji wake. Kaka yangu alimshikilia yule dereva wa lori mpiga mke. Mimi nilikuwa na daktari wa akili mwenye miwani ya rangi mbili. Tulibishana mpaka ubuyu ukaisha.

Sasa Mama. Mama hakuwa mtu wa video. Yeye alikuwa anapita tu sebuleni na beseni lake la nguo. Siku moja akasimama nyuma ya kochi, akaangalia kama dakika tano. Kwenye kioo alikuwapo baba yake Laura, Mzee Leland, anacheza dansi peke yake huku amekumbatia picha ya marehemu mwanaye, analia. Mkewe anakuja kumnyang'anya. Wanavutana, fremu inavunjika, kioo kinamkata mkono, na damu yake anaipaka juu ya uso wa binti kwenye picha. Mke anapiga kelele akiuliza ni nini kinaendelea ndani ya nyumba hii.

Sisi tukaona huruma. Jamaa amechanganyikiwa kwa msiba, masikini. Mama akaweka beseni chini, akasema: "Huyo ndiye."

Tukamcheka! Binamu akamwambia, "Shangazi, huyo ni baba mzazi, mtu anazimia makaburini." Mama akajibu, "Nimemwona. Damu iko mikononi mwake na imepakwa usoni kwa mtoto. Na mke wake ameshauliza swali. Mnataka muonyeshwe nini tena?" Akabeba beseni lake, akaenda kuanika.

Dereva wa lori wetu na daktari wetu wote wakaanguka. Mama, ambaye hakujua hata jina la tamthilia, alipata ndani ya dakika tano kile ambacho Marekani nzima ilikisubiri mpaka tarehe 10 Novemba 1990. Muuaji alikuwa baba.

ALAMA ZILIKUWA NJE NJE

Ndicho kilichonifanya safari hii niiangalie upya na kalamu mkononi. Nilitaka kujua: je, walituficha, au tulionyeshwa tukakataa kuona?

Jibu ni kwamba tulionyeshwa. Tena mapema.

Chukua feni. Kwa akina Palmer kuna feni ya dari pale juu ya ngazi, karibu na chumba cha Laura. Kwenye kipande cha kwanza kabisa mama yake anapanda ngazi kumwita binti aende shule, na kamera inaitazama ile feni. Feni tu! Nani anaogopa feni? Sisi wa Dar feni ni rafiki. Lakini kamera inairudia tena na tena, mpaka unaanza kujiuliza inataka nini. Jibu lilikuja kwenye filamu ya Fire Walk with Me ya mwaka 1992, inayoeleza siku za mwisho za Laura akiwa hai. Baba alikuwa anawasha feni usiku kabla ya kuingia chumbani kwa binti. Kumbe ule mvumo uliotangulia kwenye nyumba tupu ulikuwa ndiyo kengele ya hatari, na aliyekuwa anaielewa ni mmoja tu, mtoto aliyelala ameuma shuka.

Chukua taa za barabarani. Kila baada ya muda unaonyeshwa taa moja inaning'inia usiku kwenye njia panda, inayumba na upepo, inageuka nyekundu. Hakuna gari wala mtu. Ni pale ambapo Laura alionekana na rafiki yake wa kiume kwa mara ya mwisho. Aliruka kutoka kwenye pikipiki akakimbilia gizani. Kijana wa watu alikuwa wa mwisho kuweza kumshika mkono. Toka hapo kila taa nyekundu inapotokea, tumbo linakuvuta, hata kama hujui kwa nini.

Chukua nywele. Msimu wa pili ulipoanza, Septemba 30 mwaka huo huo wa 1990, Mzee Leland anatokea akiimba kwa furaha, na nywele zake zote zimekuwa nyeupe usiku mmoja. Sisi tulianguka kwa kucheka. Lakini usiku wa nyuma yake alikuwa ameua mtu hospitalini kwa kumziba na mto. Yaani alama ameibeba kichwani hadharani, anatembea nayo mjini, anaingia nayo ofisini, na watu wanamsifia amechangamka.

Halafu kuna yule jitu. Cooper amepigwa risasi, amelala sakafuni hotelini, linamtokea jitu refu lenye upole na kumpa mafumbo matatu. La kwanza linahusu mtu ndani ya mfuko unaotabasamu. Ukilisikia unasema hawa wamevuta kitu. Kabla kipande hakijaisha, Cooper anapita hospitalini, anauona mfuko wa maiti umetundikwa ukutani, na mikunjo yake imejichora kama mdomo unaocheka. Maiti iliyokuwa imebebwa humo ni ya yule aliyezibwa na mto. Fumbo la ajabu kumbe lilikuwa kitu cha kawaida kabisa kilichotundikwa kwenye korido.

La pili lilihusu bundi, kwamba siyo kile wanachoonekana kuwa. Hapo Mwafrika huhitaji mkalimani! Sisi bundi akitua juu ya bati usiku, bibi anatoka na chumvi na maneno makali. Mzungu wa mji wa mbao kafika pale pale alipofika bibi yangu, ila kwa gharama kubwa zaidi.

YULE WA KWENYE KIOO

Lakini alama kubwa kuliko zote ni kioo. Sikiliza hii.

Tamthilia inafunguka kwa mwanamke mzuri anayeitwa Josie, amekaa mbele ya kioo anajitazama. Huyo ndiye mtu wa kwanza tunayemwona. Hana haraka, hasemi kitu. Baadaye unagundua naye ana maisha mawili. Kisha tarehe 10 Novemba, usiku wa siri kufichuka, Mzee Leland anasimama sebuleni kwake mbele ya kioo, anarekebisha tai, anatabasamu. Na kioo hakimrudishii sura yake. Kinamrudishia sura ya jamaa mwingine, nywele ndefu za kijivu, koti la jinzi, meno nje. Anaitwa Bob. Ni pepo. Amempanda mzee wa watu tangu utotoni.

Usiku ule ule binamu yake Laura, Maddy, anauawa sebuleni hapo hapo. Santuri imeisha, sindano inakwaruza tu, kwaru, kwaru. Mama wa nyumba amelewesha dawa, anatambaa sakafuni, anamwona farasi mweupe amesimama chumbani, anazimia. Na kule baa, jitu linamwambia Cooper kuwa linatokea tena. Steringi yuko baa na hajui ni wapi. Sisi tunajua, lakini tuko Sinza.

Na kwetu, amini usiamini, umeme ulikatika pale pale sura ya Bob ilipotokea. Dada yangu alipiga ukelele majirani wakadhani mwizi. Tulimalizia kesho yake saa nne usiku.

Sasa utapenda kujua huyu Bob alitoka wapi. Aliyemcheza, Frank Silva, hakuwa mwigizaji. Alikuwa fundi wa kupanga samani kwenye seti. Siku moja alikuwa anahamisha vitu chumbani kwa Laura, Lynch akamtazama, akapata wazo, akamrekodi amechuchumaa kwenye miguu ya kitanda, bila kujua ataitumia wapi. Jioni wanarekodi mama mtu akikurupuka na kupiga kelele kwenye kochi. Mpiga picha akasema imeharibika, kuna mtu ameonekana kwenye kioo cha ukutani. Nani? Frank. Mkurugenzi mwingine angefoka. Lynch akafurahi. Basi pepo akazaliwa kwa bahati mbaya, ndani ya kioo, mahali pale pale atakapofichuliwa.

Ndiyo maana nawaambia wale wanaodhani mtunzi mzuri huwa na daftari lenye kila kitu toka siku ya kwanza: wakati mwingine ishara hujiingiza yenyewe, na kazi ya fundi ni kutoifukuza.

Na mwisho je? Tarehe 10 Juni 1991, kipande cha mwisho. Cooper ametoka kwenye kile chumba cha mapazia mekundu, ambako watu huongea kama kanda inarudi nyuma (waliigiza kinyumenyume kweli, kisha filamu ikageuzwa). Anaingia bafuni kupiga mswaki. Anapigiza kichwa kwenye kioo, damu chapa, na anayemtazama ndani ya kioo ni Bob. Steringi wetu ametekwa! Sisi tuliozoea steringi hafi tulikaa kimya kama tuko matangani. Ilianza na kioo, ikaisha na kioo. Wangetuambia nini tena?

Tena humo humo mwishoni Laura alimwahidi Cooper wataonana baada ya miaka 25. Watu wakasema uzushi. Mei 21, 2017 tamthilia ikarudi, vipande 18, waigizaji wale wale na mvi zao za kweli. Ilichelewa mwaka mmoja tu. Kuna wadeni wangu hawajafikia rekodi hiyo.

SHETANI ALINIPITIA

Mpaka hapo tunafurahia. Sasa niwaambie kilichonikaa kooni.

Miaka ile ya kanda kulikuwa na binti jirani yetu, tumwite Mdogo, alikuwa darasa la sita. Alikuwa anakuja kuangalia video na sisi, ila alikuwa anafika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Wakati mwingine anakuja na sare yake ya shule kwenye mfuko, anaomba kulala. Ukiuliza, anasema ana mtihani. Hata Jumamosi ana mtihani. Tukisikia pikipiki ya baba yake wa kambo inaingia uchochoroni, sisi tunaendelea kucheka, yeye anashusha sauti ya televisheni. Ile pikipiki kwake ilikuwa feni. Mimi nilimwona, na nilichosema ni hiki: "Wewe mtoto, kwenu hakuna kitanda?" Watu wakacheka. Mpaka leo nikikumbuka natamani nimeze ulimi.

Mama hakucheka. Usiku ule wa umeme kukatika, tulipokuwa tunatafuta mshumaa, alimvuta Mdogo jikoni. Sijui walisema nini. Ninachojua ni kwamba Mdogo hakurudi kwao tena. Alilala kwa Mama siku tatu, halafu mama mkubwa wake akaja kumchukua kwenda naye Morogoro. Kabla ya hapo kulikuwa na kikao cha wazee pale kwetu, milango imefungwa, sisi tumefukuzwa, tumebana masikio dirishani. Yule bwana alilia sana. Alisema hakujua kilichompata. Alisema, "Shetani alinipitia."

Nikamsikia Mama, sauti ya chini kabisa: "Shetani gani huyo anayejua siku mkeo anayokwenda mnadani?"

Kimya.

Hapo ndipo Twin Peaks ilipo kali kuliko wanavyodhani watu wa mazimwi. Mzee Leland anapokamatwa, na Bob anapomwachia akiwa anakufa, analia kama mtoto, anasema aliingiliwa akiwa mdogo, hakujua. Unamwonea huruma, kweli. Kisha wanaume wanne wanasimama porini kujadili: huyu Bob yupo kweli? Mmoja anasema labda Bob ni jina tu la uovu ambao watu hufanya. Na hawakubaliani. Tamthilia inakuachia mzigo mwenyewe.

Mimi naona ishara zinajibu. Pepo gani anayewasha feni kuzuia sauti isisikike? Pepo gani anayemlewesha mke kwanza? Kwenye ile filamu ya 1992 kuna mahali baba anamshika binti mkono mezani wakati wa chakula, anakagua kucha, anamkaripia kuwa ana uchafu. Kidole kile kile ndicho Cooper atakachokuja kukuta herufi imechomekwa chini ya ukucha. Mama yupo pale mezani anaona, anasema mwache mtoto, halafu mambo yanaendelea. Mtu mwenye mpango hajapitiwa. Shetani kama yupo, basi hakupita. Alikaribishwa, akapewa kiti, akakaa sebuleni.

Na Laura mwenyewe alituwekea ishara. Chumbani kwake kulikuwa na picha ukutani, malaika anawahudumia watoto chakula. Usiku mmoja anaitazama, malaika hayupo. Watoto wamebaki peke yao mezani. Nimeona filamu nyingi za kutisha zenye ndoo za damu. Hakuna iliyonishika kama ile picha iliyopungua mtu mmoja.

Ndugu msomaji, watu wakimaliza kuangalia tamthilia kama hii huingia kwenye ubishi wa bundi, farasi na chumba chekundu. Ni utamu, na mimi nimo. Lakini Mama yangu alitazama dakika tano tu, na hakumtafuta zimwi. Alitazama mkono wa nani una damu, na uso wa nani umepakwa. Kwenye uchochoro wetu pia hakuona bundi. Aliona mtoto anayeshusha sauti ya televisheni.

Kwa hiyo ukiwa na mtoto wa jirani ambaye ana mtihani hata Jumamosi, usimfanyie mzaha kama nilivyofanya mimi. Muulize pembeni, taratibu, na umwamini. Siku hizi kuna namba 116 ya kusaidia watoto, kupiga ni bure, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Zamani zile tulikuwa na Mama na kikao cha milango iliyofungwa, na yule bwana alihama mtaa akiwa mzima na pikipiki yake. Hilo nalo sijalisamehe.

Mdogo yupo, ni mama wa watoto wawili sasa. Juzi nilimpigia kumwambia nataka kuandika haya, bila jina. Akasema andika. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile tamthilia. Akacheka, akasema hakuwahi kuielewa hata kidogo, ila usiku ule umeme ulipokatika na dada yangu akapiga kelele, yeye peke yake hakushtuka.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kaka, mimi nilikuwa nimeshamwona siku nyingi."

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Feni yangu nimeizima, najipepea na gazeti.